Mpole si Mnyonge: Nguvu ya Unyenyekevu wa Kikristo katika Msamiati wa Biblia ya Kiswahili na katika Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafafanua dhana za upole na unyenyekevu katika maisha ya Kikristo kwa kuanzia na maneno yenyewe kama yalivyotumiwa katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano (1952), na kuyapima kwa matukio ya Uamsho wa Afrika Mashariki, hususani Kenya ya miaka ya 1950 na Uganda ya mwaka 1977. Hoja inayojengwa ni kwamba wafasiri wa Kiswahili, kwa kutenganisha unyenyekevu, unyonge na kudhiliwa mahali ambapo Kiyunani kina shina moja tu, waliweka wazi jambo ambalo mahubiri mengi hulificha: unyenyekevu ni tendo la mwenye uwezo wa kutenda vinginevyo, na hauwezi kutendwa na mtu kwa niaba ya mwingine.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha mitaani nchini Tanzania, mtu aliyekuwa akifoka kisha akanyamazishwa kwa nguvu husemwa kuwa "amekuwa mpole". Konda humwambia abiria anayelalamikia nauli awe mpole. Askari humwambia mtuhumiwa vivyo hivyo. Katika matumizi haya, upole ni hali ya aliyeshindwa. Hauna sifa yoyote ya kimaadili, kwa kuwa aliyeshindwa hakuuchagua.

Neno hilohilo ndilo linalobeba mojawapo ya heri za Mlimani (Mathayo 5:5), ndilo Yesu analojielezea nalo (Mathayo 11:29), na ndilo linalotajwa miongoni mwa matunda ya Roho (Wagalatia 5:23). Msikilizaji wa mahubiri anaingia kanisani akiwa na maana ya mtaani kichwani mwake. Mhubiri asipoitenga maana hiyo na ile ya Maandiko, zote mbili huungana, na matokeo yake hayabaki katika uwanja wa semantiki peke yake.

Mwandishi wa makala hii anakumbuka mwanamke mmoja wa usharika aliokulia. Alikwenda kwa wazee wa kanisa akiwa na jicho lililovimba, akawaeleza kwamba mumewe humpiga. Wazee walimsikiliza kwa heshima, wakafungua Biblia, wakamshauri awe mpole na mnyenyekevu kama Kristo. Hawakuwa watu wabaya. Waliamini kwamba wanamwelekeza kwenye nguvu. Swali ambalo makala hii inajaribu kulijibu lilianzia hapo: je, neno walilomsomea lina maana waliyompa?

Data ya sehemu ya kwanza ni matumizi ya maneno katika Biblia ya Muungano, ambayo Agano lake Jipya lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, kwa kuunganisha jitihada za tafsiri za awali za Kiunguja na Kimvita. Tafsiri hii imechaguliwa kwa sababu ndiyo iliyokariri zaidi ndimini mwa waumini wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 70. Sehemu ya pili inatumia historia.

2.0 Shina moja la Kiyunani, mashina matatu ya Kiswahili

Kiyunani cha Agano Jipya kina familia ya maneno yanayotokana na tapeinos, yaani -a chini, duni, dhalili. Katika jamii ya Wayunani na Warumi neno hili halikuwa la sifa. Lilimhusu mtumwa, fukara, na mtu asiye na hadhi mbele ya baraza. Waandishi wa Agano Jipya walilichukua neno la aibu wakalifanya jina la fadhila, na kwa kufanya hivyo walirithi tatizo: neno moja sasa lilitaja hali ya kudharauliwa na pia mwelekeo wa moyo uliochaguliwa.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano hawakulibeba tatizo hilo jinsi lilivyo. Waraka kwa Wafilipi unatosha kuonyesha walivyofanya. Katika 2:3, ambapo Paulo anawaagiza waumini kuwahesabu wenzao kuwa bora, limetumika neno unyenyekevu. Katika 2:8, ambapo anamzungumzia Kristo, limetumika tendo alijinyenyekeza. Katika 3:21, ambapo habari ni za mwili huu unaougua na kufa, shina lilelile la Kiyunani limekuwa unyonge. Na katika 4:12, ambapo Paulo anaeleza hali alizopitia za kukosa na kuwa navyo, limekuwa kudhiliwa. Waraka mmoja wenye sura nne, shina moja la Kiyunani, na mashina matatu ya Kiswahili.

Mgawanyo huu haukufanywa kiholela. Unyonge umetumika pale ambapo hali imemkuta mtu bila hiari yake. Ndivyo ilivyo pia katika wimbo wa Mariamu (Luka 1:48), ambapo Mungu anautazama unyonge wa mjakazi, na katika 1:52, ambapo wanaokwezwa ni wanyonge. Mariamu hajisifu kwa fadhila ya unyenyekevu katika mstari huo. Anataja nafasi yake ya kijamii: msichana wa kijijini chini ya utawala wa Kirumi. Tafsiri ambayo ingeandika unyenyekevu hapo ingemfanya ajisifu kwa kutojisifu, na ingeficha ukweli kwamba wimbo huo unazungumzia wakubwa wanaoshushwa kutoka vitini mwao. Kwa maoni ya mwandishi, huu ni mmojawapo wa uamuzi bora kabisa wa tafsiri ile, ingawa hausifiwi mara nyingi.

Msemaji wa Kiswahili anaujua mpaka huu bila kufundishwa. Methali husema mnyonge hana haki, ikieleza ulimwengu ulivyo. Na msemo mwingine unasahihisha: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuna msemo kama huo kuhusu mnyenyekevu, kwa kuwa mnyenyekevu si mtu aliyenyimwa kitu. Mnyonge anadaiwa haki na jamii. Mnyenyekevu ndiye anayeitoa heshima.

2.1 Kiambishi -ji- na suala la mtenda

Mofolojia ya Kiswahili inaongeza jambo ambalo maelezo ya kiteolojia huchukua kurasa nyingi kulifikia. Kitenzi nyenyekea huchukua yambwa: mtu humnyenyekea mwingine. Kikiingia katika kauli ya kutendesha huwa nyenyekeza, na hapo kinahitaji mtu wa kunyenyekezwa. Katika Wafilipi 2:8 nafasi hiyo ya mtendwa imejazwa na kiambishi -ji-, kinachomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Aliyeshusha na aliyeshushwa ni mmoja. Kiyunani nacho kinatumia kiwakilishi cha kujirejea mahali hapo, hivyo wafasiri hawakubuni. Lakini Kiswahili kimeiweka maana hiyo ndani ya umbo la kitenzi, ambapo haiwezi kuondolewa bila kuliharibu neno.

Ulinganisho ulio wazi zaidi upo katika Mathayo 23:12, ambapo wafasiri walichagua shina dhili lenye asili ya Kiarabu. Mstari huo umejengwa juu ya mapacha wawili wa kisarufi. Anayejikweza atadhiliwa: kujikweza ni tendo lake, lakini kudhiliwa ni jambo litakalofanywa juu yake, kwa kauli ya kutendwa. Anayejidhili atakwezwa: kujidhili ni tendo lake, na kukwezwa kunatoka kwingine. Hakuna kipande cha tatu. Mstari hausemi kwamba anayedhiliwa na wenzake atakwezwa kwa sababu hiyo, wala haumpi mtu yeyote ruhusa ya kumdhili mwingine ili akwezwe. Anayejaribu kuupata ujumbe huo atalazimika kuliondoa -ji- lililopo.

Kwa lugha nyepesi: mtu anaweza kujinyenyekeza, akimnyenyekeza mwenziwe, tendo hilo lina jina jingine, nalo ni udhalilishaji.

3.0 Upole: nguvu iliyotiwa hatamu

Neno upole katika Agano Jipya la Muungano kwa kawaida linasimama badala ya Kiyunani praus na nomino yake. Wayunani walilitumia neno hili kwa watu, na pia kwa wanyama waliofugwa. Xenophon, aliyeandika juu ya ufugaji wa farasi, analitumia kwa farasi aliyezoeshwa. Kiswahili kina upana uleule: tunasema mnyama mpole, tukimaanisha kwamba mtoto anaweza kumkaribia. Farasi wa vita aliyefundishwa hajapungukiwa na misuli hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba nguvu zake sasa zina mwelekeo.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha mafundisho yake ya maadili yanayoitwa ya Nikomakos, anaiweka sifa hii katikati ya pande mbili: mwenye hasira kupita kiasi, na mtu asiyekasirika hata pale inapompasa. Mpole kwake ni yule anayekasirika kwa sababu inayostahili, dhidi ya anayestahili, kwa kiasi na kwa wakati unaofaa. Jambo la kuangaliwa hapa ni upande wa pili. Asiyekasirika kabisa si mpole. Ana upungufu, kwa sababu huvumilia kutukanwa yeye na watu wake. Aristotle hakuwa na habari za Mlimani, na fadhila yake ni ya raia huru wa mji, si ya mwanafunzi wa Kristo. Hata hivyo, ushahidi wake unatosha kuonyesha kwamba msomaji wa Kiyunani aliyelisikia neno praus hakulazimika kufikiria unyonge.

Kwa upande wa Kiebrania, mfano mkuu ni Musa. Hesabu 12:3 inamwita mpole kuliko wanadamu wote, kwa neno la Kiebrania anaw. Muktadha wa sura hiyo unasahauliwa mara nyingi. Miriamu na Haruni wanamsema ndugu yao kwa ajili ya mke wake Mkushi, kisha wanaipinga nafasi yake ya unabii. Musa hajibu neno. Miriamu anapopigwa ukoma, Musa ndiye anayemlilia Mungu amponye. Mtu huyohuyo katika Kutoka 32 alizivunja mbao za sheria na kuisaga ndama ya dhahabu ikawa unga. Alipokuwa akishambuliwa yeye, alinyamaza; watu walipokuwa wakiangamia, hakunyamaza. Upole wake ulihusu nafsi yake, wala haukuwa kanuni ya kukaa kimya mbele ya kila jambo.

Zekaria 9:9 inatoa mfano mdogo lakini wenye mafunzo. Mfalme anayekuja juu ya punda anaitwa kwa Kiebrania ani, neno linalohusu aliyeteswa au maskini. Wafasiri wa Kiyunani wa kale waliweka praus. Biblia ya Muungano inasema mnyenyekevu katika Zekaria, na mpole katika Mathayo 21:5 inaponukuu unabii huo. Mtahini mwenye haraka anaweza kuiona hiyo kuwa kasoro ya kutolinganisha maneno. Mwandishi anaiona kuwa uaminifu: kila Agano limefasiriwa kutoka lugha yake. Na katika mistari yote miwili anayezungumziwa ni mfalme. Upole wake una maana kwa sababu angeweza kuja juu ya farasi wa vita.

4.0 Paulo gerezani na Yesu mbele ya Anasi

Hoja iliyojengwa hadi hapa ingekuwa ya kamusi tu kama Maandiko yangemwonyesha mnyenyekevu akinyamaza daima. Hayamwonyeshi hivyo.

Yohana 13 inaeleza Yesu akiwatawadha wanafunzi miguu. Kabla ya kutaja beseni na kitambaa, mwandishi wa Injili anasimama katika mstari wa tatu kueleza kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake. Hapo ndipo anapoinuka na kuvua mavazi. Mpangilio huo ni wa makusudi. Uwezo unatangulia, kisha kuinama kunafuata. Na Petro anapokataa, hakuna anayemdhania Yesu kuwa mtumishi wa kuamrishwa. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayeinama kwa namna hiyo ana shabaha.

Sura tano baadaye, Yesu huyohuyo amefungwa mikono mbele ya Anasi, na mmoja wa watumishi anampiga kofi. Katika Yohana 18:23 anamjibu. Anamtaka aushuhudie ubaya kama amesema vibaya. Na kama amesema vema, aeleze kwa nini anampiga. Halipizi kisasi wala hatoi laana, bali anadai sababu. Msomaji wa Mathayo 5:39 anayedhani kwamba kugeuza shavu ni kuukubali uongo anapaswa kuusoma mstari huu pamoja na ule.

Mfano wa Paulo una uzito wa pekee kwa sababu unahusu mji uleule. Katika Matendo 16, Paulo na Sila wanachapwa viboko hadharani mjini Filipi bila kuhukumiwa, na kutiwa gerezani. Asubuhi mahakimu wanatuma watu kuwaachilia kimyakimya. Paulo anakataa. Anataja kwamba wao ni raia wa Rumi, na anadai mahakimu waje wenyewe kuwatoa. Wanakuja, kwa hofu. Usiku uliotangulia, milango ilipofunguka kwa tetemeko la nchi, Paulo alikuwa amekaa mahali pake na kumwokoa mlinzi wa gereza asijiue. Mtu huyo hakuitumia nafasi ya kutoroka, lakini aliitumia haki yake ya uraia, pengine pia kwa ajili ya kanisa changa ambalo lingebaki mjini likiwa limeitwa kanisa la wahalifu.

Baadaye ni kwa Wafilipi haohao alikoandika juu ya kuwahesabu wengine kuwa bora na juu ya Kristo aliyejinyenyekeza. Wasomaji wa kwanza wa waraka huo, akiwamo pengine yule mlinzi wa gereza, walikuwa wamemwona mwandishi wake akikataa kutolewa kwa mlango wa nyuma. Ni vigumu kudhani kwamba waliusoma unyenyekevu kama mafundisho ya kumezea dhuluma.

5.0 Uamsho wa Afrika Mashariki: upole uliopimwa

Ufafanuzi wa maneno una mpaka wake. Dhana ya kimaadili hujulikana inapotendwa, na katika ukanda huu hakuna vuguvugu la Kikristo lililoutenda unyenyekevu waziwazi kama Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, ukihusishwa na majina ya Simeoni Nsibambi, ndugu yake Blasio Kigozi, na daktari wa misheni Joe Church. Kutoka huko ulienea Kenya na Tanganyika. Waliouingia waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka.

Desturi yao kuu ilikuwa kutembea nuruni: kuungama dhambi hadharani mbele ya ndugu, kuzitaja kwa majina, na kurudisha kilichoibwa. Katika mikutano hiyo Mzungu wa misheni aliungama kiburi cha rangi mbele ya Mwafrika aliyekuwa mfanyakazi wake, na Mwafrika naye akaungama chuki yake. Tukumbuke kwamba hii ilikuwa miaka ya ukoloni, ambapo hadhi ya Mzungu ilikuwa sehemu ya mfumo wa utawala. Kwa mmisionari, kuungama kulikuwa kushuka. Kwa Mwafrika kulikuwa na jambo tofauti: alipata mahali ambapo neno lake lilikuwa na uzito sawa. Tendo moja la unyenyekevu lilimshusha mmoja na kumsimamisha mwingine, na pengine hapo ndipo siri ya nguvu ya vuguvugu hilo ilipokuwa.

Si kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Kuungama kuligeuka kipimo, na kipimo kikazaa majivuno. Asiyeungama kwa namna iliyozoeleka alihesabiwa kuwa hajaokoka. Baadaye, Uganda na Kenya, zilitokea pande zilizodai kuamshwa upya na kuwaona ndugu wa zamani kuwa wamepoa. Unyenyekevu unaoonyeshwa ili uonekane huacha kuwa unyenyekevu, na jambo hilo linajulikana tangu zamani za watawa wa jangwani.

5.1 Kenya, 1952 na kuendelea: suala la nchi

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Wakikuyu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kwa hoja kwamba wameshaingia katika agano la damu ya Kristo. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Lakini wengi wao pia walikataa kubeba bunduki za serikali na kujiunga na walinzi wa vijiji, jambo lililowafanya washukiwe na upande wa pili. Walisimama katikati bila silaha, na gharama yake waliilipa.

Kwa kigezo cha makala hii, huo ulikuwa upole. Njia nyingine mbili zilikuwa wazi mbele yao, kila moja ikiwa na ulinzi wake, na wakaziacha zote.

Hata hivyo, mtafiti hana budi kuuliza swali ambalo vitabu vya ushuhuda hulipita haraka. Vita vile vilihusu ardhi. Na heri ya Mathayo 5:5 inawaahidi wapole nini? Inawaahidi nchi. Ahadi hiyo imetoka Zaburi 37, zaburi ambayo mwanzo hadi mwisho inazungumzia watu waovu wanaostawi na waadilifu wanaosubiri kuirithi nchi. Mkulima wa Kiambu aliyeona shamba la babu yake likiwa shamba la mlowezi hakuhitaji mwanatheolojia amweleze umuhimu wa neno hilo. Ndugu wa Uamsho walikataa kuua, na katika hilo walikuwa thabiti. Lakini kuhusu unyang'anyi wa ardhi, wengi wao hawakusema kwa uwazi uleule waliokuwa nao kuhusu dhambi ya ulevi. Musa angeweza kuwauliza juu ya hilo.

Pengo hilo lilijazwa na fasihi. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitunga tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda, iliyochapishwa baadaye kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Ndani yake tajiri mcha Mungu na mkewe wanamsukuma mfanyakazi maskini, Kĩgũũnda, afunge ndoa kanisani; kwa gharama za harusi hiyo anaiweka rehani ardhi yake ndogo, na anaipoteza. Tamthilia inaihukumu dini yenyewe, na hapo mwandishi hakubaliani nayo. Lakini inauona vizuri mchezo wa maneno: mahubiri ya unyenyekevu yanatoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini, na mhubiri hajinyenyekezi kwa lolote. Nietzsche, aliyeandika mwaka 1887 kwamba maadili ya Kikristo ni kinyongo cha wanyonge kilichovikwa jina la wema, alimtazama mnyonge. Watunzi wa Kamĩrĩĩthũ walimtazama tajiri. Kwa hali ya Afrika Mashariki, ukosoaji wao una ukali zaidi, na kanisa lina deni kubwa zaidi la kuujibu.

5.2 Uganda, 1977

Mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka, jibu la aina nyingine lilikuwa limekwisha kutolewa. Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu tangu 1974. Kwa miaka hiyo alikwenda mara kwa mara kwa Idi Amin na maofisa wake kuwaombea watu waliokamatwa na kutoweka. Wapo waliomlaumu kwa ukaribu huo. Waliona kwamba upole wake kwa Amin ulikuwa udhaifu, na lawama hiyo haikukosa msingi kabisa kwa aliyeitazama kutoka nje.

Mapema Februari 1977 askari waliipekua nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Maaskofu wakaandika barua kwa Rais. Haikuwa barua ya matusi; ilifuata adabu zote za kumwandikia mkuu wa nchi. Lakini ilitaja mauaji, ilitaja upekuzi, na ilitiwa saini kwa majina. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala mbele ya umati wa askari, mashtaka ya njama yakasomwa, na askari wakapaza sauti wakitaka wauawe. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka. Luwum alibakizwa. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Waliouona mwili ulipofikishwa Mucwini kwa mazishi waliona majeraha ya risasi.

Barua ile inalikamilisha jambo lililoanza na safari zake za Ikulu. Mtu aliyekuwa akienda kuomba kwa upole ndiye aliyesaini, na sauti yake haikubadilika kati ya tendo la kwanza na la pili. 1 Petro 3:15, inayowataka waumini wajibu kwa upole wanapoulizwa habari za tumaini lao, inadhani kwamba watajibu. Upole ni namna ya kusema, hivyo hauwezi kutimizwa kwa kunyamaza.

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyekuwa na Luwum siku hiyo, alikimbia nchi na mwaka huohuo akatoa kitabu kilichotangaza katika jina lake kwamba anampenda Idi Amin. Jina hilo liliwakwaza wengi na bado linakwaza. Wanaolikasirikia husahau kwamba ndani ya kitabu hicho mauaji yanasimuliwa bila kufunikwa. Kivengere alimsamehe Amin huku akiutangazia ulimwengu alichokifanya. Hakuona kwamba tendo moja linalifuta jingine. Laiti angekaa kimya, msamaha wake usingekuwa na kitu cha kusamehe.

6.0 Kurudi kwenye ofisi ya wazee

Kwa msingi huu, ushauri aliopewa yule mwanamke mwenye jicho lililovimba unaweza kuchambuliwa kwa usahihi zaidi. Wazee walimsomea maneno ya upole na unyenyekevu. Hali aliyokuwa nayo, kwa msamiati wa Biblia waliyoishika mikononi, ilikuwa unyonge na kudhiliwa. Mstari uliomhusu siku ile ulikuwa Luka 1:52. Mistari ya Wafilipi 2 ilimhusu mumewe, ambaye alikuwa na nguvu za kushusha, na iliwahusu wazee wenyewe, ambao walikuwa na mamlaka ya kumwita na kumwonya. Walimpa asiye na uwezo wajibu wa wenye uwezo.

Inaweza kupingwa kwamba 1 Petro 2:18 na kuendelea inawaagiza watumwa kuwatii mabwana walio wakali. Pingamizi hilo ni la kweli na halipaswi kukwepwa. Mtume anawaandikia watu wasio na mlango wa sheria wa kupitia. Mtumwa wa Kirumi hakuwa na ofisi ya kwenda kushtaki. Anachowapa ni njia ya kubaki binadamu mahali ambapo sheria haiwahesabu kuwa hivyo, yaani kuyageuza mateso yasiyo na hiari yawe na chembe ya hiari. Kuyachukua maneno hayo na kumpa mtu ambaye mlango upo, huku msomaji akiwa ameuzuia mlango huo kwa mgongo wake, ni kulibadili andiko. Paulo alipokuwa na uraia aliutumia.

Mwanamke yule hakurudi kwa wazee. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, kisha polisi, kisha mahakama ya mwanzo, akieleza habari ileile kwa sauti ileile ya chini ambayo watu wote wa mtaa waliifahamu. Jumapili zilizofuata aliendelea kukaa kwenye benchi lake la kawaida, la tatu kutoka mbele upande wa akina mama, na ilipofika zamu yake ya kufagia kanisa, alifagia.